Kimbunga na visiwa vyetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Kila masika, bahari ikichafuka na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikatoa tangazo, maswali yanakuja yale yale: barazani, bandarini, kwenye makundi ya simu ya shehia. Nimeyakusanya yanayorudi zaidi na kuyajibu. Baadhi ya majibu ni mstari mmoja. Mengine nimeyarefusha kwa sababu yanagusa roho za watu na mali walizozichumia maisha yao yote.

Sisi tuko karibu na ikweta. Si tunaambiwa vimbunga havifiki huku?

Ni kweli kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu tumelala. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, kama nyuzi 26 au 27 na zaidi, lakini joto peke yake halitoshi. Kinahitaji pia msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ule unaoupinda upepo mpaka ukaanza kuzunguka. Msukumo huo karibu na ikweta ni dhaifu mno, kwa hiyo ndani ya nyuzi tano za latitudo kutoka ikweta vimbunga ni nadra sana kuzaliwa.

Sasa tazama ramani. Pemba iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, Unguja kama nyuzi 6. Tuko ukingoni, na aliye ukingoni hayuko nje. Vimbunga vingi vya upande wetu wa Bahari ya Hindi huelekea Madagaska, Morisi, Reunion na Msumbiji. Lakini kimbunga kikishazaliwa kusini yetu kidogo, hakuna mlango wa kukizuia kisipande. Vinavyofika huku ni vichache. Hilo ni jambo la kushukuru, si la kujengea nyumba dhaifu.

Kwani kimewahi kutupiga?

Ndiyo. Tarehe 15 Aprili 1872, katika siku za mwanzo za utawala wa Sayyid Barghash, tufani iliingia Unguja na kuivunja. Vyombo vilivyokuwa bandarini, majahazi na merikebu, vilitupwa pwani au kuzama, zikiwemo merikebu za Sultani mwenyewe. (Ile merikebu ya Sultani iitwayo Glasgow, iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 ilikuja baadaye, ilijengwa 1878 kuziba pengo hilo.) Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, misheni ya mapadri nayo iliharibiwa vibaya.

Lakini pigo lililodumu lilikuwa shamba. Karibu theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa au kuvunjwa, na minazi kwa wingi kama huo. Anayejua mkarafuu ataelewa uzito wa habari hii. Si muhogo, kwamba mwakani unapanda tena. Mkarafuu hukaa kama miaka 6 hadi 8 tangu kupandwa kabla hujauchuma mara ya kwanza, na nguvu zake kamili huja baada ya miaka 20 hivi. Mtu aliyeamka asubuhi ya tarehe 16 akakuta shamba lake limelala chini, alikuwa amepoteza mapato ya nusu ya umri wake.

Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo historia ya visiwa hivi ilipogeuka. Karafuu zilipopungua bei ikapanda, na aliyekuwa na mikarafuu imesimama ndiye aliyefaidi. Wenye mashamba wakahamishia nguvu zao Pemba. Leo sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar inatoka Pemba, na watu wengi wanadhani imekuwa hivyo tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Kabla ya 1872 Unguja ilikuwa shamba kubwa.

Wala tusipite bila kusema nani aliyelipa. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Mkataba wa 5 Juni 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na soko la Mjini likafungwa, lakini utumwa wenyewe uliachwa mpaka sheria ya 1897. Katika miaka hiyo katikati, kazi ya kupanda upya Unguja na kupanua Pemba iliwaangukia watu ambao hawakuwa na hiari. Hesabu ya hasara ya tufani ile imeandikwa kwa pishi na fedha. Ya wale haikuandikwa na mtu.

Na katika umri wetu huu?

Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi na kuua watu. Wazee wa kusini wamelihadithia sana jambo hilo. Aprili 2021 kilikuja Jobo, kikadhoofika kabla ya kufika pwani. Halafu Mei 2024 kikaja Hidaya. Hicho kilifikia daraja la kimbunga kamili kikiwa baharini, kikaanza kupungua nguvu, na tarehe 4 Mei kikaingia Mafia. Mvua yake ilianguka juu ya ardhi iliyokuwa imeshiba maji, kwa kuwa masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa na Rufiji ilikuwa imekwisha furika. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na kusini kukabaki kama kisiwa. Kwetu boti zilisimama. Wiki mbili hivi baadaye kikafuata kingine, Ialy, kilichopita mbali zaidi na kupeleka upepo pwani ya Kenya.

Mafia na Unguja hazitengwi na kitu chochote ila bahari tupu, na si nyingi.

Mwaka 2019 dunia nzima ilitangaza kimbunga kimepiga Pemba. Mbona sisi hatukukiona?

Pemba ile ni mji wa Msumbiji, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija tarehe 24 Aprili 2019, kesho yake kikaingia Cabo Delgado. Jamaa zetu walioko Oman na Uingereza walipiga simu usiku kucha.

Lakini tusijitenge mno na habari hiyo. Kisiwa cha Ibo, kilicho kaskazini ya mji huo, karibu nyumba zake zote zilibomoka au kuezuliwa. Watu wa Ibo wanasema Kimwani, lugha iliyo jirani sana na yetu. Wanavua kwa majahazi kama yetu, wanaezeka kwa makuti kama sisi. Ukitaka kujua kisiwa cha Waswahili kinakuwaje baada ya kimbunga, usiende mbali. Kitazame Ibo.

Upepo wa kusi tunauzoea. Kimbunga kinazidi nini?

Nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inayosukuma ukuta inakuwa mara nne. Chukua siku mbaya ya kusi, kilomita 40 kwa saa, siku ambayo mvuvi mwenye akili hatoki. Kimbunga cha kilomita 160 kina kasi mara nne ya hiyo, na kinalisukuma paa lako kwa nguvu mara 16. Kwa kanuni za ukanda wetu, kuanzia kilomita 118 kwa saa ndipo kinapoitwa kimbunga kamili.

Halafu kusi lina upande mmoja. Kimbunga kinazunguka, na kwa upande wetu wa dunia kinazunguka kama mishale ya saa. Mti uliostahimili upepo wa mashariki unaweza kuangushwa na upepo wa magharibi saa mbili baadaye.

Upepo ukikata ghafla na jua likatoka, si kimekwisha?

Hapana! Hilo ni jicho la kimbunga. Ukitoka kwenda kutazama chombo chako, upepo wa upande wa pili utakukuta njiani. Kaa ndani mpaka itangazwe.

Bahari itapanda kiasi gani?

Itategemea sana kimekuja siku gani ya mwezi. Kimbunga kinapandisha bahari kwa njia mbili. Hewa iliyo katikati yake ni nyepesi, hivyo bahari inainuka, kama sentimita moja kwa kila milibari moja ya mgandamizo wa hewa iliyopungua. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni ile ya pili: upepo unayakokota maji na kuyarundika pwani, na juu ya rundo hilo yanakuja mawimbi.

Maji ya bamvu kwetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Kimbunga kikiingia wakati wa maji mafu, au maji yakiwa yametoka, pengine wengi watasalimika. Kikiingia usiku wa bamvu maji yakiwa yamejaa, basi rundo lote hilo linaongezwa juu ya maji yaliyokwisha fika kwenye mizizi ya minazi. Kwa hiyo mtu wa pwani tangazo likitoka aangalie kalenda ya mwezi mara moja. Hesabu hii mvuvi anaijua kuliko mtu yeyote wa ofisini, na ningependa masheha wawaulize wavuvi kabla ya kuamua nani ahame kwanza.

Mwambao wa mashariki, kama Paje, Jambiani na Michamvi, una mwamba mrefu mbele yake unaovunja mawimbi. Ni ngao ya kweli, lakini maji yakipanda sana yanapita juu ya mwamba. Mahali penye mikoko minene pana ulinzi mwingine tena, na palipokatwa mikoko kwa kuni na boriti ulinzi huo haupo. Ninaowahofia zaidi ni watu wa visiwa vidogo na vya chini. Kisiwa Panza maji ya chumvi yamekwisha ingia mashamba ya mpunga hata bila kimbunga.

Visiwa vya wenzetu vilipopigwa, watu walikufa kwa nini hasa?

Hili ndilo swali ninaloomba lisomwe na kila mtu, kwa sababu jibu lake si lile linalotarajiwa.

Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga Dominica, kisha tarehe 20 kikaingia Puerto Rico. Kwa miezi mingi hesabu rasmi ya Puerto Rico ilisema waliokufa ni 64. Agosti 2018, baada ya uchunguzi, serikali ya huko ikakubali idadi nyingine: 2,975. Wale wengine hawakuangukiwa na ukuta. Walikufa wiki na miezi baadaye. Umeme haukuwepo, na kuurudisha kwa kila mtu kulichukua karibu mwaka mzima. Barabara zilizibwa, dawa zinazohitaji baridi ziliharibika, wagonjwa wa figo na wa pumu walikosa mashine. Wazee ndio walioathirika zaidi. Upepo ulipita kwa siku moja. Kisiwa kiliendelea kuua watu wake kimya kimya kwa sababu kilikatika na dunia.

Septemba 2019 Dorian iliingia visiwa vya Abaco huko Bahama kwa kasi ya karibu kilomita 295 kwa saa, ikahamia Grand Bahama na kusimama hapo zaidi ya siku nzima. Bahari ilivuka nchi. Visima vinavyolisha kisiwa vikaingiwa na chumvi, na maji ya bomba hayakunyweka kwa muda mrefu. Mtaa wa vibanda vya wahamiaji wa Haiti pale Marsh Harbour ulifutika.

Na karibu zaidi na kwetu, tarehe 14 Desemba 2024 Chido ilipita Mayotte, kisiwa cha Comoro kilicho chini ya Ufaransa, kwa upepo uliozidi kilomita 220 kwa saa. Mitaa ya mabati kwenye vilima ilifagiliwa. Mnara wa kuongozea ndege uliharibika, maji na umeme vikakatika, na misaada ikabidi itoke Reunion, kilomita 1,400. Mayotte ni ndogo kuliko Pemba, na nyuma yake kuna serikali ya nchi tajiri. Hata hivyo watu walikaa siku nyingi wakisubiri maji ya kunywa. Wengi waliokuwa kwenye vibanda hawakwenda kwenye makazi ya dharura ingawa tangazo lilitoka, kwa kuwa hawakuwa na vibali na walihofia kukamatwa.

Kwa hiyo tukijiandaa, tusijiandae kwa siku ya upepo tu. Pemba ina zaidi ya watu nusu milioni. Mchele mwingi tunaokula, mafuta yote ya gari na jenereta, na dawa karibu zote huingia kwa bandari. Bandari ya Mkoani ikifungwa na kiwanja cha ndege kikafungwa, tuna akiba ya siku ngapi? Swali hili kila wilaya inapaswa iwe na jibu lake lililoandikwa, na kila nyumba pia.

Tuliwahi kukatikiwa na umeme miezi mitatu. Si tulikaa?

Tulikaa. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima haikuwa na umeme kutoka bara, na kabla yake, 2008, tulikatikiwa kama mwezi. Kilichotuokoa ni kwamba nyumba zilikuwa zimesimama, bandari ilikuwa wazi, na dizeli ya jenereta ilikuwa ikishushwa kila siku. Ondoa hivyo vitatu ndipo upate picha.

Jenereta, kwa hayo, isiwashwe ndani wala ukumbini, hata mvua ikinyesha. Moshi wake unaua watu waliolala bila kuwaamsha. Na waya ulioanguka usiuguse wala usiuvuke, hata ukiwa na hakika umeme umekatwa mtaa mzima.

Nyumba yangu ni ya mawe na chokaa, Mji Mkongwe. Niko salama kuliko wa makuti?

Inategemea nyumba. Ukuta mnene wa mawe ni mzito na upepo hauuhofishi. Shida ni boriti na maji. Ikiwa vichwa vya boriti vimeoza ndani ya ukuta, na chokaa imenyonya mvua za masika ya miaka mingi bila kupigwa lipu upya, nyumba inaweza kushuka hata bila upepo. Tumeziona zikianguka kwa mvua za kawaida. Nyumba iliyotunzwa ni kimbilio zuri. Iliyotelekezwa ni hatari kuliko banda, kwa kuwa makuti yakikuangukia utainuka.

Ya mabati ndiyo inayohitaji maneno zaidi. Bati haling'oki katikati. Linaanzia ukingoni, pale linapotokeza nje ya ukuta, na kwenye pembe. Upepo unaingia chini yake na kulinyanyua. Panda ngazi sasa hivi, bahari ikiwa shwari, utazame misumari ya safu ya mwisho. Utakuta ile ya kofia imelegea kiasi cha kuingiza ukucha chini yake, na mwahala pengine kutu imekula tundu la msumari mpaka likawa kubwa kuliko kofia yenyewe. Msumari wa namna hiyo unashikilia hewa. Ongeza misumari, ikaribiane ukingoni kuliko katikati. Kisha tazama jambo ambalo mafundi wetu wengi wanaliacha: je, mbao za paa zimefungwa kwenye ukuta, au zimekaa tu juu yake kwa uzito wao? Waya mnene au nondo nyembamba inayotoka ndani ya ukuta na kuifunga mbao ni gharama ndogo sana ukiifanya wakati wa kujenga. Baadaye ni kazi kubwa, lakini bado inawezekana kwa chumba kimoja. Chagua chumba kimoja, kidogo, cha ndani, ukiimarishe hicho. Watu hawafi kwa paa kuruka peke yake. Wanakufa kwa kukosa pa kujibanza paa likisharuka.

Usirundike mawe juu ya bati. Upepo wa kimbunga unayageuza kombora.

Nina jamaa walioko dago. Tangazo likitoka wao watajuaje?

Mvuvi wa Kojani aliyepiga kambi mbali na kwao, simu imeisha chaji au hakuna mtandao, hasikii redio ya ZBC wala hapati ujumbe wa TMA. Kila dago liwe na redio ya betri na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuisikiliza asubuhi na jioni. Na kabla hawajaondoka, waache kwa sheha au kwa mkuu wa diko lao majina ya waliokwenda, mahali wanapokwenda na siku ya kurudi. Tangazo likija, lije na mtu anayejua pa kuwatafuta.

Chombo kivutwe juu, mbali kuliko unavyozoea kwa bamvu, kitolewe mashine, na kijazwe mchanga au maji ili kisipeperuke. Ngalawa ilazwe na kufungwa kwenye mti wenye mizizi, si kwenye mnazi uliopinda ukingoni mwa maji. Ikifika wakati wa kuchagua baina ya chombo na wewe, chombo kinachongwa kingine.

Boti zikisimamishwa nami nina safari ya lazima?

Subiri. Boti ya Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 siku ya upepo mkali wa kawaida, sio wa kimbunga, na roho nyingi zikaenda. Usitafute mashua ya kukuvusha kwa siri.

Mwaka 2021 walitutisha na Jobo, hakikuja kitu. Kwa nini niwasikilize tena?

Naielewa hasira hiyo. Mtu amefunga duka, amevuta chombo, amepoteza siku mbili za riziki, halafu mvua ya rasharasha. Ila kimbunga kinatabirika kwa njia yake, si kwa hakika. Siku tatu kabla, wataalamu wanaweza kusema kitapita ndani ya ukanda fulani mpana. Siku moja kabla, ukanda unakuwa mwembamba. Karibu na ikweta kazi ni ngumu zaidi, maana vimbunga vinavyokuja huku ni dhaifu na hubadilika haraka. Wakingoja wapate uhakika, utabaki na saa chache, na kisiwa hakihamishwi kwa saa chache. Jobo kilidhoofika. Hidaya, miaka mitatu baadaye, haikudhoofika kiasi hicho, na waliosikiliza walikuwa wamevuta vyombo vyao.

TMA hutumia ngazi tatu. *Angalizo* ni wakati wa kujaza maji, kuchaji simu, kununua dawa za wiki mbili, kukata matawi yaliyoegemea nyumba na kuvuta vyombo. *Tahadhari* ni wakati wa kuhamisha wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto kutoka pwani. *Tahadhari kubwa* ikitoka, uwe umekwisha maliza yote, umo ndani. Watu wengi huanza kufanya ya angalizo wakisikia tahadhari kubwa, na duka la mtaani linakuwa limekwisha bidhaa.

Ujumbe wa sauti uliosambazwa na asiyejulikana, wenye picha za mawimbi ya nchi nyingine, usiupeleke mbele. Sikiliza ZBC, TMA na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa.

Si yote ni qadari ya Mwenyezi Mungu?

Ni qadari, na hatuna shaka nayo. Lakini tunakumbuka Bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Dua isomwe, na bati lipigiliwe. Msikiti pia ndio kipaza sauti cha haraka kuliko vyote tulivyonavyo. Maimamu wakikubaliana na masheha, tangazo linafika kijiji kizima kwa dakika moja, na kwa sauti ambayo watu wanaiamini.

Bahari ikiingia kisimani nifanye nini?

Usinywe, hata yakionekana meupe. Takataka na maji ya vyooni huingia pamoja na bahari, na sisi kipindupindu tunakijua. Kile cha 2015 na 2016 hakikuhitaji kimbunga. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa ya klorini. Kisima kitolewe takataka na matope kwanza, kisha yachotwe maji taratibu, kwa siku nyingi, huku mvua ikishuka. Usikikaushe kwa pampu kubwa kwa mara moja: chini ya maji yetu matamu yamelala maji ya chumvi, na ukivuta kwa nguvu unayapandisha. Kionje wiki hadi wiki. Vingine hurudi baada ya masika moja, vingine huchukua zaidi.

Mikarafuu ikianguka, niikate yote?

Usiwe na haraka. Mti uliong'oka na mizizi yote juu umekwisha. Uliopinda na bado una mizizi upande mmoja, hasa ukiwa bado mti mdogo, unaweza kuinuliwa ukakingwa kwa nguzo na kufukiwa mizizi siku hizo hizo, kabla haijakauka. Uliovunjika matawi ukatwe vizuri, usiachwe na vidonda vilivyochanika. Na anza kitalu cha miche mapema, maana kila mtu ataitafuta kwa wakati mmoja. Katikati ya mistari panda ndizi, muhogo na mahindi. Familia itakula nini miaka ile 6 au 8?

Kwa akina mama wa mwani hali ni tofauti: kamba na vigingi vitakwenda, mbegu itakwenda, lakini shamba lenyewe linarudi kwa miezi. Wanachohitaji ni kamba na mbegu mapema, na mara nyingi wao ndio wa mwisho kuorodheshwa. Waorodheshwe kwanza.

Mabadiliko ya tabianchi yatavileta vingi zaidi?

Wanasayansi hawasemi kwamba idadi itaongezeka. Wanachokubaliana ni kwamba vile vikali vinazidi kuwa sehemu kubwa ya vyote, mvua zake zinakuwa nzito, na bahari iliyopanda inayapa maji ya kimbunga pa kuanzia pa juu zaidi. Bahari ya Hindi upande wetu inapata joto haraka.

Mama yangu ni mzee, yuko peke yake pwani, na anasema hatoki nyumbani kwake.

Usimwendee siku ya tahadhari kubwa ukamburuta. Mwendee sasa. Muulize anachohofia kuacha: mara nyingi si nyumba, ni kuku, hati ya shamba, kanga zake za zamani, au hofu ya kwenda kulala sakafuni skuli mbele ya watu asiowajua. Hati itiwe kwenye mfuko wa nailoni ukaondoke nayo leo. Kuku wapangiwe pa kwenda. Badala ya skuli, tafuta nyumba ya ndugu iliyo juu, ambayo ataingia kama mgeni mwenye heshima zake, na mpeleke huko siku mbili tatu wakati wa hali nzuri ili apazoee. Dawa zake za presha au sukari ziwe za wiki mbili, katika kopo moja, na jina la kila dawa limeandikwa. Kisha mwambie nani atakayekuja kumchukua, kwa jina, na ikiwa huyo hayupo, nani wa pili. Jirani huyo wa pili naye ajue kwamba ametajwa.